Saroléa ya Kapata

Kapata, Kolwezi, tarehe 12 mwezi wa pili 2023

Mudogo wangu Stany,

Jambo yako, na jambo ya bibi yako Zuhura, na jambo ya batoto benu bote. Siye hapa tuko bazima. Mvua inanyesha kila siku, mihindi nyuma ya nyumba ilishapita kichwa yangu. Goti ya shemeji yako Barnabé ingali inamusumbua, lakini mudomo yake haina ugonjwa hata kidogo. Binti yetu Rachelle alipata kazi ya kuandika mu biro moya kule mujini. Sasa anavaa viatu yenye kulia, na asubui majirani banajua saa yenye anatoka.

Utauliza juu ya nini naandika barua na simu iko. Ku simu, weye na mi tunasema habari, muzuri, unite, ile pesa ya simu, inaisha. Ni miaka mingi tunasema vile. Na hii mambo iko na bitu bingi ya kuhesabu na kupima. Tena Samy, ule mwenye anaendesha kamio ya shaba mpaka Dar es Salaam, alikubali kubeba barua yangu na kukuletea ku duka yako ya Gerezani. Na mizigo ya kurudi alikubali pia.

Mambo njo hii: nilinunua moto. Weye sasa unasema pikipiki.

Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Dodo, mwenye ananunua byuma ya zamani, akapita, anasukuma pousse-pousse yake na mikono. Juu yake kulikuwa mabati, na kitanda ya hospitali, na moto moya ya zamani yenye haina taa wala kiti. Kutu kila fasi. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Akasema, "Kuikata, Mama. Byuma banaipima na kilo." Nikaweka ufagio chini. Nikamuambia, "Dodo, hii hauikate. Ingia nayo hapa ku nyumba, mu lupango."

Ni Saroléa, ya Ubelgiji, silinda moya. Barnabé alitoka na fimbo yake, akaizunguka mara mbili, akasema, "Mama Rachelle, hii haiko moto, ni maiti. Tutafute padri." Nikamuambia ataona.

Weye unauza bipande bya pikipiki, na batu banasema ku Gerezani hakuna chuma yenye haipatikane. Nataka pete ya pistoni, buji, cheni, na kamba ya klachi. Kazi nitaifanya mi mwenyewe. Usiniulize juu ya nini. Niko na miaka makumi sita na moya, nilifundisha batoto ya batu kusoma miaka makumi tatu na tano, sasa nataka kitu yangu.

Batoto ubasalimie sana. Zuhura umuambie pilipili yenye alituma ilikwisha.

Yaya yako,
Laurentine


Dar es Salaam, 3 Aprili 2023

Yaya yangu mpendwa,

Shikamoo. Samy alifika dukani jana, barua mkononi, imelowa chai pembeni. Anasema alikaa Kasumbalesa mpakani siku kumi na moja akisubiri kuvuka, na barua yako ndiyo ilikuwa sahani ya kikombe chake. Sisi hatujambo. Joto limepungua kidogo. Mwanaidi, binti yetu wa mwisho, kaingia chuo cha ufundi, anasomea umeme, na tayari kafungua redio ya mama yake na kushindwa kuifunga. Zuhura kakufungia pilipili, na khanga juu yake. Mpe pole shemeji kwa goti.

Sasa hilo lako. Yaya, nimecheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Una miaka sitini na moja. Kama unataka chombo cha kukupeleka sokoni, niambie nikutumie Boxer, inawaka asubuhi, inakunywa mafuta kidogo, na ikiharibika kila kijana wa Kapata anaijua. Mashine hiyo unayoisema ni ya zamani kuliko mimi. Hata mimi ninayeuza vipuri kutwa sipandi pikipiki. Sijapanda tangu nifike huku.

Lakini kama umeshaamua, nakuomba usiilazimishe kuwaka. Ukikanyaga kiki kwa nguvu na pistoni imeganda, utavunja kitu ambacho hakuna atakayekutengenezea. Toa buji, yaani plagi, mimina mafuta laini ndani ya silinda, iache wiki nzima. Kisha weka giya ya juu, sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Utasikia inaachia. Ni kama mtu anavuta pumzi. Halafu fungua kichwa cha injini uipime silinda, upana wake, kwa kipimo cha chuma, si kwa rula ya shule. Pete halisi hazipatikani, lakini ziko pikipiki za Kihindi zenye pistoni inayokaribiana, nikijua vipimo nitapata. Manyeto, ile ya kutoa cheche, usiifungue. Ukiifungua inapoteza nguvu. Kama umeshaifungua, usiniambie.

Nitazamie pia namba. Iko kwenye fremu, chini ya shingo ya usukani, upande wa kulia. Futa kutu kwa kitambaa chenye dizeli.

Ninavyokumbuka, Kolwezi nzima zilikuwapo Saroléa tatu. Moja ya padri wa misheni, yenye tangi jeusi. Moja ya yule Mgiriki wa mikate. Na nyingine.

Nitasubiri vipimo. Samy anapakia kesho.

Mdogo wako,
Stany


Kapata, tarehe 21 mwezi wa tano 2023

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika na pilipili, aksanti sana. Khanga naivaa leo. Barnabé anasema Kiswahili yako sasa ni ya ku redio, alingojea mwisho usome na bei ya mihogo. Baridi ilianza, asubui tunatoa mvuke mu kinywa. Rachelle eko muzima. Ku kanisa banachangia bati mupya, na mi njo banachagua kuandika majina.

Nilifanya yote yenye ulisema. Wiki moya na mafuta mu silinda. Kisha nikasukuma gurudumu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya tatu iliachia. Ulisema kweli, ni pumzi. Niliikala chini kabisa, mu bumbi, nikacheka peke yangu.

Ile manyeto, hatuisemi.

Sasa injini iko mu salon, juu ya meza ya kulia. Tunakula mu kikoni. Cheni ya zamani niliichemusha na grisi mu nyungu ya sombe, ile majani ya mihogo, juu haikuwa na nyungu ingine ya mukubwa. Niliisafisha na majivu mara tatu. Jumapili Barnabé akala sombe, akasema, "Hii chakula iko na ladha ya garaji." Lakini akaongeza sahani.

Nilipata musaidizi, muzee moya banamuita Tata Mulumba, ule mwenye alikuwaka anachonga byuma ku atelier ya kampuni. Eko na miaka makumi saba na ine, na mashine yake ya kuchonga ingali nyuma ya nyumba. Nilimupelekea kipande moya tu. Kesho yake akakuya na kiti yake. Tangu pale haturudie kumukosa. Bibi yake anatuma chakula yake hapa.

Nitakuambia kitu. Bamoto ya leo, kama kitu inaharibika, banatupa na kuweka ingine. Hii, kila kitu inafunguka. Mutu mwenye aliitengeneza alijua kama siku moya mutu mwingine ataifungua, akamuachia fasi ya kuingiza mukono. Nikishika kipande, naona kazi yake: hii inasukuma ile, ile inafungua mulango, mafuta inaingia. Hakuna kitu yenye inajificha. Nilifundisha miaka mingi sana bitu yenye batoto hawawezi kushika. Sasa naona juu ya nini banaume banapenda kuikala mu bagaraji.

Unakumbuka usiku, mi njo nilikuwaka nashika lampe kumulika. Tata, baba yetu, alikuwaka anafungua injini, anakuambia weye, "Stany, angalia." Hakuniambia mi. Lakini nilikuwa naangalia pia, juu lampe ilikuwa mu mukono yangu.

Vipimo Mulumba aliandika nyuma ya hii karatasi. Namba yenye iko chini ya shingo inaisha na 4417. Mu rezervwari, ile tangi ya mafuta, upande wa kushoto, kulikuwa na shimo yenye mutu alijaza na risasi ya kuyeyusha na kulainisha. Mulumba alipitisha kidole, akasema, "Hii mutu alikuwa na mukono."

Uliandika Saroléa tatu, na ya tatu haukuisema. Mi siulize.

Yaya yako,
Laurentine


Dar es Salaam, 30 Juni 2023

Yaya,

Shikamoo. Hatujambo, shule zimefungwa, nyumba imejaa watoto wa jirani.

Ndani ya boksi: pete za pistoni seti mbili, buji nne, cheni, kamba za klachi na breki, na karatasi ya kukatia gaskiti. Kwa manyeto nimekuwekea anwani ya fundi wa Lubumbashi anayeichaji upya. Usimwambie umeifungua mwenyewe.

Samahani kwa ufupi, kazi ni nyingi.

Tangi usilipake rangi kwanza.

Stany


Kapata, tarehe 27 mwezi wa nane 2023

Mudogo wangu mupendwa,

Boksi yako ilifika. Zuhura na batoto nabasalimia. Hapa bumbi ni mingi, kamio inapita na kila mutu anakohoa, lakini tuko bazima. Mulumba alipata mujukulu, banamuita Dimitri. Barnabé goti inapona. Anasema ni juu ya kuzunguka meza.

Jumamosi iliwaka.

Nitakuhadisia muzuri. Manyeto ilirudi kutoka Lubumbashi siku ya tano ya wiki. Jumamosi asubui tukaweka kila kitu, tukatoa moto mu lupango. Mulumba alitaka kukanyaga yeye, nikasema hapana. Nikafunga khanga kiunoni, nikakanyaga. Bure. Nikakanyaga tena. Mara kumi na moya, Barnabé njo alikuwa anahesabu na sauti. Ya kumi na mbili ikapiga kishindo moya, kuku yote ikaruka. Ya kumi na tatu ikawaka.

Stany, ile sauti. Pole pole, moya, moya, moya, unaweza kuhesabu. Majirani bakatoka. Mama moya wa miaka makumi nane, mwenye anaikala nyumba ya tatu, akatoka na mukono yenye unga, alikuwa anasonga bukari, akauliza, "Tata Ntambwe amerudi?"

Barnabé akaniangalia. Mulumba akaangalia chini. Nikazima injini.

Ndiyo, mudogo wangu. Yule mama alisema jina ya tata yetu. Hii ni moto ya Tata. Nilijua tangu siku ya kwanza, mbele hata ya kuweka ufagio chini. Nilijua juu ya ile shimo ya rezervwari, yenye weye ulifanya na jiwe tukiwa batoto, na Tata akaijaza. Namba niliijua pia. Ni mi nilikuwaka namulika. Na weye ulijua pale niliandika namba, njo maana barua yako ilikuwa fupi kama risiti.

Sikukuandikia juu ya kukuhukumu. Nilitaka tuitengeneze kwanza, kisha tuseme.

Sasa iko na shida ku vitesi, ile giya. Vitesi ya kwanza muzuri, ya pili muzuri. Ya tatu inaingia, kisha inaruka, inarudi bure, bila vitesi. Mulumba alifungua na kufunga mara tatu. Anasema kila kitu iko fasi yake na haielewi. Mutu mwenye alijua ile buate ya vitesi alikuwa Tata, na mutu mwenye Tata alimuonyesha ni weye.

Niandikie. Hata kama ni fupi.

Laurentine


Dar es Salaam, 1 Oktoba 2023

Yaya yangu,

Shikamoo. Zuhura hajambo, watoto hawajambo. Dimitri mdogo apewe hongera zetu. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa juu ya boksi la matairi, nikafunga duka mapema. Zuhura aliponiuliza nilimwambia kichwa kinauma. Jioni nikamwambia kweli, na yeye ndiye aliyenipa karatasi hii niandike.

Pikipiki ni ya Tata. Nilijua ulipoandika namba.

Jumapili ile ya 1997 Tata alikuwa kanisani, anaimba na kwaya. Nilikuambia naenda kununua mikate. Niliisukuma kwa mikono mpaka barabara kuu, maana mlio ule Tata angeutambua hata akiwa katikati ya wimbo. Nilikuwa na miaka thelathini, kazi hakuna, vita imepita, na nilikuwa nimechoka kula sahani ya Tata. Nilifika Tenke. Pale alikuwako mtu wa reli, Tata Mbuyu, aliyekuwa akiitamani pikipiki ile kila tulipopita. Akainunua. Pesa ile ndiyo iliyonifikisha Lubumbashi, kisha Ndola, kisha Tunduma, kisha hapa. Duka hili, Yaya, mzizi wake ni pikipiki ya mtu mwingine.

Nilipopata simu na kuanza kumpigia Tata, alikuwa ananiuliza mambo mawili: ninakula nini na ninalala wapi. Pikipiki hakuitaja hata mara moja. Afadhali angenitukana. Kila mara nilikuwa nasubiri, na kila mara ananiambia, "Haya, lala vizuri." Nikaona ndiyo hukumu yangu hiyo.

Alipofariki, mwaka 2011, niliwaambia pasipoti yangu imekwisha muda. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa kwenye droo, nzima kabisa. Niliogopa kusimama mbele ya kaburi la mtu niliyemwibia, na watu wote wa Kapata wananitazama.

Hiyo ndiyo Saroléa ya tatu.

Kuhusu giya. Ndani, nyuma ya ile giya ya tatu, kuna pete nyembamba ambayo haikutoka kiwandani. Tata aliikata mwenyewe kutoka kwenye bati. Bila pete hiyo inaruka. Unene wake hakuupima kwa kipimo, aliupima kwa ukucha, anakwaruza, anaweka, anatoa, anakwaruza tena. Niliona akifanya. Nimejaribu kukuchorea mara nne na karatasi zote nimezitupa. Si kitu cha kuandikwa.

Ukikaa muda bila kunijibu nitaelewa.

Stany


Kapata, tarehe 5 mwezi wa kumi na moya 2023

Mudogo wangu,

Jambo yako, jambo ya Zuhura, na umuambie aksanti juu ya karatasi. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Tunapanda mihindi. Bote bazima.

Kwanza, mikate. Tuliingojea kabisa. Chai ilipoa.

Sasa sikia. Barua yako ilifika siku ya ine ya wiki, kesho yake nikaenda kumuuliza Dodo moto aliitoa wapi. Akasema Tenke, ku lupango ya mujane moya, batoto bake balikuwa banasafisha. Siku ya posho, Jumamosi, nikapanda taxi, nikashuka Tenke, nikauliza nyumba ya Tata Mbuyu wa reli. Kila mutu anaijua. Bibi yake, Mama Noëlla, angali muzima, macho tu njo inapungua. Nikamuambia jina yangu. Akanishika mukono, hakuachilia mpaka nilipoondoka.

Akasema, "Weye ni mutoto wa ule muzee wa pete."

Nikamuuliza muzee gani wa pete.

"Tata yako, Ntambwe. Alikuya hapa wiki moya nyuma ya kijana kuuza moto. Bwana yangu akaogopa, akasema, sasa kutakuwa mambo. Akamuambia, 'Tata, kama ni moto yako, chukua.' Tata yako akazunguka moto, akasema, 'Hapana. Mutoto yangu alikuuzia, na neno ya mutoto yangu siivunje. Lakini vitesi ya tatu itakuruka. Unipe fasi ya kuikala, nikutengenezee.' Akalala hapa siku tatu. Akamufundisha bwana yangu kila kitu. Kisha alikuya kila mwaka wakati ya baridi, na pete mupya mu sanduku ya kiberiti. Bwana yangu alikuwa anamungojea kama ndugu. Balikuwa banafungua ile moto hata kama haina ugonjwa."

Stany, unakumbuka kila mwaka Tata alikuwaka anasema anaenda Tenke kuona binamu yake? Tulikuwa na binamu gani Tenke? Hakuna mutu aliuliza. Alienda vile miaka kumi na mbili, mpaka miguu ilikataa.

Nikamuuliza Mama Noëlla juu ya nini Tata hakukuambia weye kitu ku simu. Akasema bwana yake alimuuliza vile vile. Tata akajibu, "Nikimutajia moto, atasikia haya, ataacha kunipigia. Mi nataka kusikia sauti yake."

Njo ile. Ulikuwa unangojea akutukane, naye alikuwa anachunga usikimbie.

Nililia kule, nikalia tena mu taxi, mutu mwenye alikuwa pembeni yangu akanipa muhindi ya kuchoma. Kisha nikaanza kucheka. Nilifikiri namna muzee yetu alikuwa anafunga shati yake ya Jumapili, anapanda treni, kwenda kutengeneza moto yenye haiko yake.

Mama Noëlla alinipa taa ya mbele. Ilikuwa mu kabati yake na basahani.

Pete ya mwisho haiko, ilimalizika. Mulumba eko na bati na faili ya kukwaruza byuma. Ukucha ya Tata hana.

Yaya yako,
Laurentine


Dar es Salaam, 2 Desemba 2023

Yaya,

Shikamoo. Wote wazima.

Barua yako nimemsomea Zuhura kwa sauti na sikufika mwisho, akamalizia yeye.

Samy anapakia tarehe tisa. Kwenye gari lake kuna nafasi ya mtu mmoja, nimeichukua. Pasipoti nimeitoa kwenye droo. Foleni ya Kasumbalesa siijui, kwa hiyo msipike mpaka mnione.

Mwambie Mzee Mulumba asiiguse giya.

Stany


Kapata, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Mudogo wangu Stany,

Jambo yako na jambo ya nyumba yote. Zuhura anasema ku simu ulirudi umenona kilo ine. Umuambie ni bukari ya Rachelle. Mwanaidi alitengeneza redio? Hapa baridi imerudi. Barnabé alitupa fimbo. Mulumba anatafuta moto ingine ya kutengeneza, bibi yake alikuya kunilomba nimutafutie, juu akiikala nyumbani anamufundisha namna ya kupanga banyungu.

Sijakuandikia tangu ulienda, miezi mitano. Ulinipigia simu, nikasema muzuri, unite inaisha. Ni juu ya ile neno yenye uliniuliza asubui ya kuondoka, kama siku moya nitakuachia moto uipeleke Dar. Mi nilisema chai iko tayari. Unakumbuka. Sasa nakujibu.

Nafikiri kila siku ginsi ulikuwa hapa. Nafikiri siku ulienda ku makaburi peke yako, ukachelewa, Barnabé akakupelekea kiti bila kusema kitu, akarudi. Nafikiri siku mbili zenye ulikwaruza ile bati na faili, unaweka, unatoa, na mara hii ulisema, "Yaya, angalia." Pete ya pili nilikata mi. Nafikiri siku ulipanda na kuzunguka Kapata, nyuma ya miaka makumi mbili na sita bila kupanda. Ulirudi na macho mekundu, ukasema ni bumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Najua unaipenda. Lakini hapana. Tata aliitengeneza juu ya batu bengine, weye ulienda nayo fasi yenye ulipashwa kwenda, na ilikuleta tena hapa. Kazi yake kwenu ilikwisha. Sasa ni yangu. Nilishika lampe ya kutosha.

Jana, Jumamosi, niliipeleka Nzilo, ku ziwa.

Barnabé alisema haendi. Kisha akasema anaenda juu ya kunichunga. Akavaa koti yenye alinunua juu ya harusi ya Rachelle, juu Rachelle alishaposwa, nitakuandikia ile siku ingine. Tukatoka saa mbili ya asubui. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haikuruka. Vijana ya bamoto ya taxi ku njia balikuwa banatupita, kisha banarudi nyuma kusikiliza. Moya akaniuliza ni moto ya mwaka gani. Nikamuambia ni mudogo yangu, miaka inakaribia sawa. Mu muchanga ya mbele ya muto tulianguka pole pole, upande ya kushoto, mi juu, Barnabé chini. Tuliikala pale tunacheka mpaka mutu mwenye alikuwa anapita na kinga, baiskeli yake, akasimama kutuinua. Kibonyeo kipya iko mu rezervwari. Sitaijaza.

Ku barrière ya Nzilo mulinzi akatoka. Akaangalia moto, akaangalia Barnabé, akanipita mi kabisa, akamupa Barnabé mukono.

"Tata, moto ya muzuri sana. Uliitoa wapi?"

Barnabé alikuwa angali ananishika kiuno na mikono mbili. Akasema, "Uliza yeye mwenyewe. Mi ni muzigo."

Mulinzi akafungua barrière, nikaingiza ya kwanza, tukapita.

Yaya yako, mwenye moto,
Laurentine